Umemwachia Nani Kazi Yako?



Kila siku tunasikia watu wakisema juu ya mali ya nchi yetu. Wanasema juu ya shaba, juu ya kobalti, juu ya zinki. Wanahesabu makamyo yanayopita Kasumbalesa, wanauliza: mali hii inakwenda wapi, na sisi tunabaki na nini? Ni ulizo la haki, nasi tutazidi kuliuliza. Lakini leo tunataka kusema juu ya mali nyingine, inayotutoka kila mwezi bila kupita mpakani, wala hakuna karani wa duane anayeiandika. Mali hiyo ni ujuzi wa kazi ulio katika mikono ya wazee wetu.

Mzee anamaliza miaka yake ya kazi. Wanampa karatasi, wanamshika mkono, anarudi nyumbani. Kesho yake kijana anawekwa mahali pake, na kijana huyo anaanza tangu mwanzo, kana kwamba hakuna mtu aliyepata kufanya kazi ile mbele yake. Tunasema wazi: watu wanaofanya hivi wanalipa masomo yale yale mara mbili na mara tatu, na mara nyingine wanayalipa kwa damu.

MASOMO YA KITABU NA MASOMO YA MKONO

Hatuyadharau masomo ya kitabu. Sisi tunaoandika maneno haya tulikalia mabenchi ya shule ya misioni, na kalamu ndiyo inayotulisha. Lakini yako masomo ambayo kitabu hakiwezi kuyatoa peke yake.

Fundi wa chini ya ardhi, anapoingia mahali baada ya baruti kupigwa, hakimbilii mashini. Anachukua mtalimbo, anapiga jiwe la juu polepole, anasikiliza. Jiwe zima linalia kama chuma. Jiwe lililoachana na wenzake linatoa sauti nzito, kama ngoma iliyopasuka, nalo litaanguka. Kitabu kinaweza kuandika neno hilo, lakini sikio la kijana halitajua tofauti mpaka mzee asimame karibu naye na kumwambia: «Mwanangu, sikia hili. Sasa sikia lile.»

Fundi wa kutoboa anajua kwamba hatii chuma chake katika tundu la zamani, hata kama kufanya hivyo kungempunguzia jasho, maana chini ya tundu lile huenda baruti imebaki bila kuwaka. Fundi wa pampu anasikia pampu yake inaanza kulia kama kwamba imekula changarawe, naye anajua mara moja kwamba maji hayaingii sawasawa, na asipofanya haraka chuma cha ndani kitaliwa. Fundi wa umeme anafunga swichi kwa kufuli kabla hajagusa mashini, na ufunguo anautia katika mfuko wake mwenyewe. Hampi mtu mwingine, hata mkubwa wake akimwomba.

Mambo haya yanaonekana madogo. Lakini waulizeni wajane wa kambi zetu kama ni madogo.

WABABU WETU WALIYAJUA HAYA

Wengine wanafikiri kwamba ufundi wa shaba ulikuja Katanga pamoja na Union Minière iliyoundwa mwaka 1906. Sivyo. Zamani kabla ya wazungu kufika, watu wa nchi hii waliyeyusha jiwe la kijani na kulifanya shaba. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, mafundi walipiga kambi karibu na mawe, wakajenga matanuru kwa udongo wa vichuguu, wakachoma makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Walitoa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na kama mali ya kuolea. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale.

Basanga na Bayeke walikuwa na wakubwa wa kazi hiyo. Mtu hakujiingiza tu. Alipokewa, akachukua makaa, akavukuta, akaangalia moto, na siku kwa siku akafunuliwa yale yaliyofichwa. Kazi hiyo iliishi miaka mamia bila karatasi hata moja, kwa sababu kila mkubwa alikuwa na mdogo wake.

Tena sikieni lililofuata. Wakati wa ukoloni mashimo yalipochukuliwa, watu hawakuyeyusha tena kwa namna yao, na wazee wakafa. Kazi ya miaka mamia ilimalizika katika maisha ya mtu mmoja. Hii ndiyo hatari tunayoisema. Ujuzi hauozi polepole kama mti. Unakatika kama kamba, mahali pamoja tu, pale mkubwa anapokosa mdogo.

HESABU YA KAMPANI YA ZAMANI

Shaba ya kwanza ya tanuru la Lubumbashi ilitoka mwaka 1911. Miaka ile kampani iliwachukua watu kutoka mbali kwa mikataba ya miezi michache. Walikuja bila kujua kazi, wakaugua, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi kwao wakati ule ule mikono yao ilipoanza kuzoea. Kampani yenyewe iliona hasara. Karibu na mwaka 1928 ikaanza mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu watu kukaa katika kambi pamoja na wake zao na watoto wao. Je, ilifanya hivyo kwa huruma? Hapana. Ilifanya hesabu, ikaona kwamba mtu wa miezi sita hawi fundi kamwe.

Tena katika miaka ya 1930, shida ya fedha ilipoikamata dunia yote, kampani iliona wafanyakazi wazungu ni ghali. Ikawarudisha wengi kwao, ikawafundisha watu weusi kazi ambazo jana yake ziliitwa kazi za wazungu. Mshahara haukuwa ule ule, mnajua wenyewe. Lakini jambo moja lilionekana: neno «mtu mweusi hawezi» lilikwisha siku ile faida ilipotaka liishe.

Hata hivyo ujuzi uliotolewa ulikuwa na ukuta wake. Mtu alionyeshwa mkono wa kazi, hakuonyeshwa kichwa chake. Alijua kufunga na kufungua, lakini plani ya mashini ilikaa katika biro ambamo hakuingia. Universite ya Lovanium ilianza mwaka 1954, na ile ya Elisabethville mwaka 1956. Kwa hiyo tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongo waliokwisha kupata diplome ya universite hawakufika 30 kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, na katika Force Publique hapakuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Tulipokea bendera, na ufunguo wa biro ya plani ukabaki katika mfuko wa mwingine. Shida nyingi zilizofuata zilitoka hapo.

TULIJENGA, TUKABOMOA

Lakini tusiseme uongo kwa kuwalaumu wazungu peke yao. Mwaka 1967 serikali iliichukua kampani, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Watoto wa wafanyakazi walisoma, wakasimama karibu na wale waliowatangulia, wakawa wakubwa wa vikundi, wakubwa wa mashimo, mainjinia. Katikati ya miaka ya 1980 shaba ilipita tani 400,000 kwa mwaka. Asiseme mtu kwamba sisi hatuwezi. Tuliweza.

Kisha mambo yaliharibika. Mwaka 1990 shimo la Kamoto liliporomoka. Mwaka 1991 mali iliporwa. Mwaka 1992 na 1993 fitina ya makabila iliwafukuza Katanga watu wengi wenye asili ya Kasai, na kati yao walikuwamo mafundi waliozaliwa hapa na kufanya kazi hapa maisha yao yote. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: deni, wizi, mashini zilizochoka. Lakini mtu mwenye akili aseme: unapomfukuza fundi, ni nani atakayemfundisha mwanao? Ufundi hauna kabila. Pampu haiulizi mtu kijiji cha baba yake.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kupenda wenyewe, nao ulilipiwa kwa fedha za Banki ya Dunia. Walihesabiwa miaka yao na fedha zao, na wengi wanalalamika kwamba hata hiyo hesabu ya fedha haikuwa ya haki. Sisi tunaongeza ulizo jingine: ujuzi wao ulihesabiwa na nani? Watu zaidi ya 10,000 walitoka na miaka ya kazi mikononi, wakaenda kulima na kuuza mkaa.

Tutazame Kipushi. Kazi ya kuchimba ilisimama mwaka 1993. Mwaka 2011 pampu ziliharibika, maji yakajaa chini. Ilichukua miaka kuyatoa, na mwaka 2024 zinki ilianza kutoka tena. Hesabuni nasi: kijana aliyekuwa na miaka 25 siku ile kazi iliposimama alikuwa na miaka 56 siku ilipoanza tena. Katikati yake kuna kizazi kizima ambacho hakikushuka kuchimba pamoja na baba zao. Mashini mpya zinanunuliwa kwa fedha. Kizazi hakinunuliwi.

WAZEE WANAOFICHA KAZI

Sasa tuseme neno gumu. Wako wazee kati yetu wanaoficha kazi. Kijana akikaribia, mzee anamtuma kuchukua maji. Mashini ikifunguliwa, mzee anageuza mgongo ili kijana asione. Akiulizwa, anajibu: «Utaona ukikua.» Hata katika commune ya Kenya na Katuba tunaona hivyo. Mama anamleta mtoto wake kwa fundi wa magari au wa mbao, analipa fedha za kumpokea, na baada ya miaka miwili mtoto anajua kufagia, kuosha na kutumwa sigara tu.

Hatuwatukani wazee hawa, kwa maana tunaijua hofu yao. Wamewaona wenzao waliomfundisha kijana mwaka mmoja, na mwaka wa pili wakaambiwa: «Sasa kijana anajua, na mshahara wake ni mdogo, wewe nenda.» Mtu aliyefanyiwa hivyo atasema: ujuzi wangu ndio kufuli la mlango wangu.

Lakini tunawaomba, baba zetu, mfikiri. Yule anayeficha kazi anaendeleza kazi ya wale waliotuficha sisi. Ukuta uliojengwa zamani kati ya mzungu na mtu mweusi, leo tunaujenga kwa mikono yetu kati ya baba na mwana. Tena kuficha hakumlindi mzee. Kampani ikitaka kumwondoa, itamwondoa, na itamleta mgeni. Kinachomlinda mzee ni mapatano yaliyoandikwa, kwamba anayefundisha hapotezi nafasi yake kwa sababu amefundisha. Hapo ndipo tunapaswa kupigana, wazee na vijana pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

VIJANA WANAOTAKA KUANZIA JUU

Kwa vijana nako kuna neno. Wako wanaofika na diplome, na siku ya kwanza wanamwita mzee mjinga kwa sababu hajui kuandika ripoti. Ndugu mdogo, karatasi yako ni ya kweli, uliitolea jasho, tunaiheshimu. Lakini usimtie mzee aibu mbele ya watu kisha utake akufundishe jioni. Msalimie asubuhi, mwite baba, beba sanduku la vyombo vyake, angalia mikono yake, uliza kwa heshima: «Baba, kwa nini umeanza upande huu?» Ulizo hilo moja lina faida kuliko mwezi wa majivuno.

Na wewe unaweza kumlipa. Andika yale anayoyasema. Msomee karatasi za kampani ambazo haelewi. Mfundishe kutumia mashini mpya za hesabu. Hivi yaya na mdogo wake wanafundishana, na hakuna anayeonewa.

KAMPANI ZA LEO NA MIKATABA YAO

Mzigo mkubwa, hata hivyo, si wa mzee wala wa kijana. Ni wa mwenye kazi. Leo watu wengi wa mashimo hawaandikwi na kampani yenyewe. Wanaandikwa na watu wa katikati, kwa mikataba ya miezi, inayokatwa na kuanzwa tena. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilisema kazi hizo za katikati ziwe za kampani zenye mali ya Wakongo, nayo ni nia nzuri. Lakini kama Mkongo naye anamwandika ndugu yake kwa miezi mitatu, faida ya ujuzi iko wapi? Tumerudi nyuma ya mwaka 1928. Mtu wa miezi mitatu hafundishwi, kwa kuwa ataondoka. Naye hafundishi, kwa kuwa hajui kama kesho yuko.

Tena mahali pengine mkubwa wa kazi na mfanyakazi hawana lugha moja. Kijana anaonyeshwa kwa kidole: bonyeza hapa, usiguse pale. Anajua kitufe, hajui sababu. Mashini ikikwama, anasimama kumngojea mgeni. Je, huyu amefundishwa? Hapana. Ametumiwa.

Sisi makarani tunaijua vizuri karatasi ya mtu anayemaliza kazi. Ina mahali pa jina, pa namba, pa siku aliyoanza, pa siku anayotoka, pa vyombo alivyorudisha. Nyundo ikipotea, tunaiandika na kuikata katika fedha zake. Lakini haina mstari unaouliza: «Umemwachia nani kazi yako?» Kampani inaogopa kupoteza nyundo, haiogopi kupoteza mkono ulioijua nyundo.

TUNAOMBA NINI?

Hatuombi maneno matamu. Tunaomba mambo ambayo yanaweza kufanyika.

Kwanza, wajumbe wa wafanyakazi, mnapokaa na wakubwa kuandika mapatano, tieni neno hili ndani: kila fundi aliyebakiza miaka miwili apewe kijana mmoja wa kusimama naye, na saa za kufundisha zilipwe kama saa za kazi.

Pili, anayefundisha aongezewe mshahara, na iandikwe kwamba hataondolewa kwa sababu mwanafunzi wake amekwisha kujua.

Tatu, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaujua mkataba wa mwanafunzi wa kazi. Basi wenye kazi wautumie, wasimwite kijana mwanafunzi ili wasimlipe, kisha wamfanyize kazi ya mtu mzima. Na INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa kutayarisha watu kwa kazi, iwaite mafundi waliotoka, iwaweke mbele ya vijana.

Nne, kila kikundi cha kazi kiwe na kitabu. Mashini inapoharibika, iandikwe ilivyolia, ilivyofunguliwa, ilivyopona, na kwa lugha ambayo kikundi kinaielewa. Kitabu hakitachukua mahali pa mzee, lakini kitamkumbuka.

Tano, mafundi wa mjini na wazazi wapatane mbele ya mashahidi: mtoto atafundishwa nini, kwa miaka mingapi, na siku ya mwisho atapimwa na nani. Na binti akitaka kushika kazi ya umeme au ya kuunga vyuma, asifukuzwe mlangoni. Mikono haina shida na jambo hilo; shida iko katika vichwa vyetu.

Sita, ile karatasi ya kumaliza kazi iongezwe mstari mmoja. Hauna gharama. Wino tu.

Ndugu zetu, jiwe lililo chini ya ardhi litakwisha siku moja. Miji mingi ya dunia iliota juu ya mashimo, na jiwe lilipokwisha ikabaki nyasi. Kitakachobaki kwetu siku ile ni yale tunayoyajua kufanya: kutengeneza, kujenga, kuunga, kupima, kuyeyusha. Mtu anayejua kazi haombi ruhusa ya kuishi, wala hadanganywi bei ya jasho lake.

Basi baba, kabla ya kutoka, mwite kijana. Kijana, usingoje kuitwa, nenda. Na ninyi wakubwa wa kampani, mnaosoma gazeti hili kwa siri: tutakuja na ombi letu limeandikwa, tena litakuwa na sahihi nyingi.